Simu Tatu za Kisesa

Pasiansi, jioni

Kabula,

Umevuka kwenda Kamanga kumuaga mama yako mkubwa, na jinsi ninavyomjua dada yangu, hatakuachia mpaka ule mara mbili. Kwa hiyo ninayo nafasi mpaka kivuko cha mwisho. Nimeondoa vyombo mezani, nimemfukuza baba yako akakae nje na redio yake, nimekaa. Mimi si mtu wa kuandika barua, unajua. Kazi yangu miaka yote imekuwa kuunganisha watu wengine waongee, mimi ninyamaze. Leo nivumilie.

Mambo ya chemsha maji, usiazime watu nguo, usitembee na pesa zote, hayo sitayaandika. Baba yako atakuambia kesho stesheni, na atakuambia mara tatu mpaka treni ipige honi. Sanduku lako ameshalifunga kwa kamba ya katani, mafundo ambayo sijui utayafungua vipi huko Dar es Salaam. Muulize kabla hujaondoka.

Mimi nataka kukuambia habari ya siku aliyofariki bibi yako. Usiikunje barua. Najua tukifika kwenye habari hiyo huwa unasimama, unatafuta kazi ya kufanya hata kama kazi zote zimekwisha. Miaka saba umefanya hivyo, na miaka saba nimekuacha uondoke, kwa sababu ukiondoka na mimi napona. Leo sikuachi.

Nikuambie kilichonishtua. Jumamosi iliyopita ulikuwa unafua nyuma ya nyumba na rafiki yako Adela. Mimi nilikuwa jikoni nachambua dagaa, dirisha liko wazi. Adela akakuuliza kwa nini kila ukitaka kupiga simu chuoni unaandika kwanza maneno yote kwenye karatasi, hata salamu. Akacheka, "Utafikiri unakwenda kumsomea risala mgeni rasmi!" Wewe hukucheka. Ukasema, "Mimi simu siiwezi. Niliwahi kupiga moja nikiwa mdogo nikaiharibu. Mama akanifichia mbele za watu."

Ungo uliniponyoka, dagaa wote chini. Ukauliza kutoka nje, "Mama, kuna nini?" nikajibu, "Paka." Hatuna paka, Kabula. Nilipiga magoti pale sakafuni naokota dagaa mmoja mmoja, machozi yananitoka, nasema moyoni, kumbe! Kumbe mtoto huyu miaka yote anaamini ni yeye.

Siyo wewe. Nimelisema mapema ili usisome barua yote ukiwa na woga. Siyo wewe hata kidogo. Sasa nipe nafasi nikueleze ilikuwaje, maana ukiona tu nimesema "siyo wewe" utadhani nakubembeleza.

Unakumbuka nilivyoanza kazi kiwandani. Kabla ya hapo nilikuwa opereta wa simu serikalini, kwenye ule ubao wa zamani wa matundu na waya. Mtu anapiga kutoka Magu anataka Bukoba, unachomeka hapa, unachomeka pale, unasikiliza kama wamepatana, unatoka. Ndipo ikaja habari ya soko huria, ofisi ikapunguza watu, nikajikuta nyumbani nauza maandazi. Maandazi yangu unayajua. Yangeua biashara yoyote. Bahati nzuri ndiyo miaka ile viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa, sangara anakatwa Mwanza asubuhi, anapandishwa ndege jioni kwenda Ulaya, na kimojawapo kikatafuta mtu anayejua simu. Nikaenda na gauni la kanisani. Nikachukuliwa.

Wao hawakuwa na ubao wa waya. Walileta mtambo mpya, kisanduku cha kutundika ukutani, hakizidi mkoba wako wa shule. Fundi alitoka Nairobi, akakaa siku mbili, akaniachia kitabu cha maelekezo na namba ya siri aliyoiandika nyuma ya pakiti ya sigara, akapanda ndege. Basi. Mtambo ule haukutaka mtu wa kuchomeka. Wenyewe ulikuwa unajua simu ipi iende wapi, ilimradi umeuambia. Unakaa kwenye simu ya mezani, unabonyeza nyota, unabonyeza namba ya siri, halafu unaupangia: simu ya meneja ipige popote mpaka ng'ambo, simu ya stoo ipige humu ndani tu, simu ya nje ikiingia asubuhi ilie hapa, ikiingia jioni ilie pale, ikilia mara tano bila kupokelewa ihamie kwingine. Kila mstari ni namba tupu. Ukikosea tarakimu moja haukuambii umekosea. Unatii.

Mwezi wa kwanza nilikosea hivyo. Nilipanga simu za ng'ambo ziende ofisini kwa meneja, kumbe nimebonyeza namba ya jikoni. Mnunuzi wa Ulaya akapiga asubuhi anaulizia mzigo wake, akapokelewa na mpishi, na mpishi siku hiyo alikuwa amesumbuliwa sana na vijana wa barafu. Akafoka, "Ugali bado! Nimesema bado!" akakata. Mzungu akapiga tena, akajibiwa vilevile. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, ila meneja hakucheka.

Nikajifunza. Nilikaa na kile kitabu na kamusi yangu mpaka kurasa zikatoka. Kitu cha kwanza nilibadilisha ile namba ya siri ya fundi nikaweka yangu, na sikumwambia mtu. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba, mwanangu. Katika kiwanda kizima cha wanaume wenye vyeti, mwenye funguo za kila mlango wa sauti alikuwa mimi, mwanamke wa Kisesa. Nilitembea kwa madaha! Nikaugua malaria wiki moja, mgao wa umeme ukakata na betri ya mtambo ikaisha, kila nilichopanga kikafutika. Meneja alilazimika kuja mwenyewe hapa Pasiansi na gari, nikatolewa kitandani na blanketi begani nikaenda kubonyeza nyota huku meno yananigonga. Unajua nilisikiaje? Nilisikia raha. Badala ya kujiuliza kwa nini hakuna mwingine anayejua, nilisikia raha kwamba hakuna mwingine anayejua. Huko chuoni unakokwenda kusomea mitambo hii, wewe andika kila unachopanga kwenye daftari, na daftari liache mezani.

Sasa nifike pale.

Ukumbi wa kukatia minofu ulikuwa na simu moja ukutani. Kina mama wa mle walikuwa wengi, na kila mmoja ana nyumba, ana watoto, ana mkwe. Simu zilikuwa zinaingia mchana kutwa. Mwite fulani, mwite fulani. Anayeitwa anavua glovu, ananawa, anakimbia, anaongea, anarudi, ananawa tena, na samaki yuko mezani anapata joto. Meneja akaniita. Hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, "Mama Kabula, panga mtambo simu za nje zisiingie ukumbini saa za kazi. Ila ikiwa dharura ipite." Nikamuuliza dharura ni nini. Akasema, "Wewe ndiye unayewajua watu wako. Niambie wewe."

Nikamwambia, "Msiba."

Nilijibu haraka hivyo. Nilitaka kitu kinachojibika ndiyo au hapana, maana mtambo ulikuwa umenizoesha hivyo. Nikapanga simu zote za nje za ukumbini, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni, zilie getini kwa mlinzi, Mzee Bundala. Nikamwandikia karatasi kwa mkono wangu, nikaibandika ukutani mbele yake. Swali moja tu la kuuliza kila anayepiga: kuna msiba? Akisema ndiyo, mpitishe. Akisema hapana, andika ujumbe daftarini, mwambie apige saa za kutoka kazini.

Unaona kosa liko wapi? Mimi sikuliona. Mimi, niliyezaliwa hapa! Kwetu ni nani anayetamka kifo kwenye simu? Mtu akifa unaambiwa anaumwa kidogo, njoo. Ukiambiwa anaumwa kidogo, njoo leo, na usije peke yako, hapo umeshaambiwa, unajifunga kanga kiunoni unaanza kulia ukiwa njiani. Nimeunganisha simu za namna hiyo mamia kule serikalini. Nilikuwa nikisikia sauti tu inavyosita, naacha kazi zangu zote naitafutia laini. Hakuna aliyewahi kuniambia neno msiba, na sikuwahi kuhitaji kuambiwa. Halafu nikamwandikia Mzee Bundala karatasi ambayo haikuwa na mtu wa kuijibu ndiyo.

Hilo ni kosa la kwanza, na ningeweza kukuachia hapo, tukamsingizia meneja nusu yake. Lakini kuna la pili, na la pili ni langu peke yangu.

Mimi nilikuwa ofisini, si ukumbini. Ile amri haikunihusu. Simu yangu ilikuwa huru. Ila tangu watu wa kwetu walipojua nimepata kazi kiwandani, Kabula, sikupumua. Huyu ana mtoto amemaliza darasa la saba, yule ana shemeji, mwingine ana nguvu tu. "Mama Kabula siku hizi mkubwa, tuingizie huyu kijana." Nikisema sina uwezo huo hawaamini, wanasema nimeota mapembe. Simu kumi kwa siku. Siku moja nimechoka, nimetoka kugombana na binamu kwenye simu, nikabonyeza nyota, nikabonyeza namba yangu ya siri, nikajiweka na mimi kwenye orodha ya ukumbini. Simu zangu za nje nazo zikawa zinalia getini. Nikamwambia Mzee Bundala, "Wa kwetu wakiniulizia, sipo." Akauliza, "Wote?" Nikasema, "Wote."

Ilichukua muda wa kunywa chai. Kukawa kimya ofisini kwangu, na nikafurahia kile kimya kwa miezi minne.

Wewe likizo ile ulikuwa Kisesa kwa bibi. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuachia namba ya kiwanda kwenye kipande cha boksi, nikakuambia, ukiwa na shida nenda pale kwenye simu ya dukani, piga, nitakuja. Nilikuambia hivyo kwa kinywa changu, na sikukumbuka hata dakika moja kwamba namba hiyo nimeifunga.

Ulipiga saa tatu asubuhi. Najua saa kwa sababu daftari la Mzee Bundala nililisoma jioni ile. Ameandika kwa mwandiko wake ule mkubwa: Mtoto wa Mama Kabula, Kisesa. Bibi kaanguka uani, anamtaka mama. Si msiba. Amepewa jibu.

Ulipiga saa sita. Mtoto yuleyule. Bibi anaumwa kidogo, anasema mama aje. Si msiba. Amepewa jibu.

Ulipiga saa tisa. Mtoto yuleyule. Bibi hajisikii vizuri, mama aje leo, aje na baba. Si msiba. Amepewa jibu.

Maneno ya saa tisa si maneno ya mtoto. Mama Milembe, jirani wa bibi, aliniambia baadaye kwamba alikuja na wewe mpaka dukani, akakufundisha useme hivyo hivyo, usiongeze wala usipunguze, na ukiulizwa lolote ujibu hapana. Wakati huo bibi alikuwa amekwisha kufa tangu saa saba. Sijui kama ulikuwa unajua. Sijawahi kukuuliza. Uliulizwa kuna msiba, ukajibu hapana, na ukamwamkia mzee shikamoo kabla hajakata, Mzee Bundala alinieleza, kwa sababu ulikuwa mtoto mwenye adabu.

Mimi saa tisa nilikuwa nimekaa hatua sitini kutoka getini. Nilikuwa nimeinua miguu juu ya kiti kingine. Nakumbuka kabisa, viatu vilikuwa vinanibana.

Jioni nilitoka kazini bila kuulizia daftari, nikakuta kijana wa Mama Milembe ameegesha baiskeli hapa mlangoni, ametoka Kisesa kwa miguu na tairi limepasuka. Akasema, "Mama, bibi anaumwa kidogo." Nikajua. Nilirudi kiwandani nakimbia, sijui nilikuwa natafuta nini, nikamnyang'anya Mzee Bundala daftari. Akasimama pale, kofia mkononi. Akasema, "Mama Kabula, nilifuata karatasi." Nikamjibu, "Ndiyo. Uliifuata." Masikini, alilia yule mzee kuliko mimi.

Bibi alikaa saa nne tangu simu yako ya kwanza. Kisesa na kiwandani ni mwendo wa chini ya saa moja kwa gari, na meneja angenipa gari. Ningemkuta anaongea. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi kuliko sala yoyote niliyowahi kusali, na kila mara namkuta.

Halafu ikaja siku ya kuzika. Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, zaidi ya yale ya mtambo. Mama yako mkubwa alikuwa amechanganyikiwa kwa uchungu, na mtu akichanganyikiwa humshika aliye karibu. Akakushika wewe. Mbele ya watu wote, kina mama wamekaa kwenye majani, akakuuliza, "Wewe mtoto, ulisema nini huko kwenye simu hata mama yako asije? Si ungesema vizuri?" Ukaangalia chini. Watu wote wakanigeukia. Ilikuwa ni mimi kusema sentensi moja: dada, mwache mtoto, simu niliifunga mimi. Nikafungua mdomo, nikasema, "Siku ile simu za kiwandani zilikuwa mbovu."

Wakapoa. Wakasema simu za mjini ndivyo zilivyo. Nikakushika bega, nikadhani nimetuokoa wote wawili. Kumbe wewe ulikuwa mtu mmoja pekee pale ambaye anajua simu haikuwa mbovu. Ulimsikia Mzee Bundala vizuri, mara tatu. Kwa hiyo ukajiuliza, mama anadanganya kwa nini? Na mtoto wa miaka kumi na mmoja akapata jibu lake: ananifichia mimi, kwa sababu nimeharibu. Mungu wangu, Kabula. Nimelielewa hilo Jumamosi, nikiwa nimepiga magoti kwenye dagaa.

Baada ya arobaini nilirudi kazini nikabonyeza nyota. Nilijiondoa kwenye ile orodha kwanza. Halafu nikachana ile karatasi, nikaenda kwa meneja nikamwambia neno msiba halifai, watu wetu hawalisemi, tunafukuza waliofiwa. Akauliza, basi mlinzi aulize nini? Nikamwambia asiulize kitu. Anayepiga mara ya kwanza aandikwe, ujumbe upelekwe mezani kwa mhusika palepale, si jioni. Anayepiga mara ya pili siku hiyohiyo apitishwe moja kwa moja, awe nani, aseme nini. Meneja alinung'unika habari ya samaki. Nikamwambia samaki ana barafu. Hakuwa amewahi kunisikia nikimjibu hivyo, akakubali. Mtambo ule ulishabadilishwa, umekuja mwingine mkubwa zaidi, na hiyo kanuni ya mara ya pili niliihamisha na mikono yangu.

Sasa wewe unakwenda kufundishwa mitambo mikubwa kuliko hiyo. Wanasema siku hizi hata kompyuta zinaongea kwa simu, na mtu akikaa Mwanza anampangia wa Arusha nani aingie na nani asiingie. Utaijua vizuri, maana una kichwa na huna papara kama mimi. Watakupa namba ya siri, na utaipenda, usiniambie hutaipenda. Sina cha kukufundisha kwenye kazi yenyewe. Ninachokijua ni kwamba siku nilipofunga ule mlango nilikuwa nawafikiria watu waliokuwa wananiudhi, sikumfikiria hata mmoja niliyekuwa nampenda, na mtambo haukujua tofauti yao. Ukiwa unafunga kitu, siku hiyo pitisha kwa jina watu wako wote kichwani, hata walio darasa la nne.

Na kuhusu kuchoka na ndugu, nakuruhusu kuchoka. Watakufuata hadi Dar es Salaam. Mwambie mtu uso kwa uso, sina, siwezi, nimechoka. Atanuna, atakusema mtaani, atapoa. Mimi niliona aibu kumwambia binamu yangu hapana, nikamwachia mlinzi aseme kwa niaba yangu. Ningemkasirisha tu yule binamu siku ile, mambo yangekwisha.

Lakini sikukaa hapa kukushauri. Nimekaa kukurudishia kitu chako. Kabula, mwanangu, ulipiga vizuri. Ulitembea mwenyewe mpaka dukani, ulizungusha namba sahihi, ulisema jina lako na la mahali, ulisema kila neno ulilotumwa, uliamkia. Ulipoambiwa sipo hukukata tamaa, ukarudi. Ukarudi tena. Mimi ni opereta wa miaka ishirini, nimesikia maelfu ya watu wazima wakipiga simu, na nakuambia hakuna aliyewahi kupiga vizuri kuliko wewe siku ile. Asiyepokea ni mimi. Bibi alijua hivyo pia. Mama Milembe alikuwepo, anasema bibi alikuwa anauliza, "Ameshapiga?" anaambiwa amepiga, anasema, "Mtoto mzuri." Hilo nimekunyima miaka saba, kwa sababu kukupa ningelazimika kukupa na mengine yote.

Kesho treni ikishaondoka, sirudi nyumbani. Navuka Kamanga. Dada yangu alikusema mbele za watu, kwa hiyo nitamwomba aite watu, wanawe na majirani waliokuwepo kwenye mazishi, niseme mbele yao nani alifunga simu. Ananijua, atanipigia kelele mpaka ng'ambo wasikie. Na apige. Mama alikuwa wake pia, na yeye naye nimemdanganya.

Baba yako nilimwambia jana. Alizima redio yake, kisha akauliza kama nimekuambia wewe. Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi usiniambie zaidi mpaka umwambie mtoto." Ndiyo maana amekubali kukaa nje bila kubishana, kama umeshangaa.

Nilikuwa nimefikiria kuisokomeza barua hii chini ya nguo zako, uikute treni ikiwa imepita Tabora, mahali ambapo ukitaka kunijibu hutaweza. Nimeona ningekuwa nafanya yaleyale. Nitakupa mkononi. Utakaa kwenye kiti hiki, utasoma, nami nitakaa hapa mbele yako mpaka umalize. Ukitaka kunigombeza, nigombeze. Ukitaka kuniuliza, uliza, hata kama ni swali moja mara kumi. Ukikasirika ukasema kesho nisije stesheni, nitasimama nje ya uzio, lakini nitakuwepo.

Namsikia baba yako anakupokea mzigo hapo nje. Naweka kalamu, nakuita ndani.

Mama yako